Askari wa Mkononi

Siku Pilipili alipomrushia mwalimu mkasi, watu walicheka. Mkasi ulipita karibu na sikio la mwalimu, ukagonga fremu ya kochi na kuangukia rundo la sponji. Mwalimu aliinama baada ya mkasi kupita, maana hakuamini kwamba mtu mzima na heshima zake anaweza kurushiwa mkasi. Alikuwa amekuja kuulizia makochi yake, na alikuwa ameambiwa kesho, kama alivyoambiwa wiki iliyopita.

"Leo amekolea!" alisema seremala wa jirani, aliyekuwa ameegemea mlango akisubiri kurudishiwa randa yake. "Mwalimu, shukuru Mungu hakuwa ameshika nyundo."

"Toka!" Pilipili alipiga kelele. "Toka na makochi yako! Toka na hicho kichwa chako!" Maneno yalimtoka yakigongana. Jasho lilimchuruzika shingoni, na mikono yake, iliyojulikana mtaa mzima kwa mshono ulionyooka, ilikuwa ikitetemeka.

Mumewe aliweka nyundo chini, akamsindikiza mwalimu hadi barabarani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, yeye fremu na sponji, mkewe vitambaa, lakini kuomba radhi kwa niaba ya mkewe ilikuwa kama kazi yake ya pili. "Mwalimu, si unamjua? Mdomo tu, moyoni hana neno. Njoo kesho. Safari hii kesho kweli."

Aliporudi alimkuta mkewe amekaa sakafuni anakula mkate mkavu kwa pupa, kipande juu ya kipande. Muda si muda alikuwa mzima. Akauokota mkasi, akaendelea kukata kitambaa cha mwalimu.

"Mwalimu kaenda wapi?" aliuliza.

"Umemrushia mkasi."

"Mimi?" Alimtazama mumewe, kisha seremala, aone kama wanamtania. "Basi lazima alisema kitu."

Wakacheka wote watatu. Kicheko hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Angekuwa mwanamke mwingine, mmoja wa wale wapole wanaoitikia kwa kichwa, mtu angeuliza kwa nini anatokwa na jasho kivulini, kwa nini hakumbuki alichofanya sasa hivi. Kwa Pilipili hakuna aliyeuliza. Jina hilo alipewa na mama mkwe wake wiki ya kwanza ya ndoa, na tangu hapo ukali wake ulikuwa kitu cha nyumba, kama mlango unaolia ukifunguliwa. Nani anauliza mlango kwa nini unalia?

Na hata kama angetokea wa kuuliza, jibu lilikuwepo tayari. Ingekuwa ni sukari, hospitali wangepiga simu.

*

Pilipili alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Alijidunga insulini asubuhi na jioni, na siku dawa ilipokosekana au ilipopanda bei, alijidunga nusu na kumdanganya mumewe kwamba ni nzima. Kisha hospitali kubwa ikatafuta watu wa utafiti. Kulikuwa na insulini mpya, ya kudungwa mara moja tu kwa wiki, nao walitaka kujua kama inafanya kazi vizuri. Dawa bure, vipimo bure, nauli wanarudisha. Pilipili alipochaguliwa, mama mkwe wake alipiga vigelegele uani kama vile kuna harusi.

Walimbandika kifaa kwenye mkono, nyuma, juu ya kiwiko. Kilikuwa kidogo, cha duara, mfano wa kifungo cha koti, na chini yake kulikuwa na kasindano laini kalikoingia kwenye ngozi. Nesi aliwasomea maelezo haraka haraka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasoma kwa watu wengi asubuhi ile. Kifaa hiki, alisema, kitarekodi sukari yako usiku na mchana, hakipotezi kitu. Fundi na mkewe walitazamana. Usiku na mchana! Hakuna tajiri yeyote mtaani kwao aliyekuwa na daktari wa usiku na mchana.

Nyumbani mama mkwe alikipa jina siku ile ile. "Huyu ni Askari," alisema. Alikuwa bibi kizee mcha Mungu, mwembamba, ambaye hajawahi kutamka tusi maishani mwake, na kwa sababu hiyo kuishi na mkwe huyu ulikuwa mtihani. Sasa alikuwa amepata mtu wa kumshtakia. Alisogeza mdomo karibu na mkono wa Pilipili, akasema kwa sauti ya kuvuta, "Daktari, huyu ameongeza sukari kwenye chai. Nimemwona kwa macho yangu."

"Mama, hicho hakisikii," alisema mwanawe. "Kinaona tu."

"Basi kione. Daktari, angalia kikombe hiki."

"Mama, ondoa mate yako mkononi kwangu!"

Fundi aliiweka simu juu ya meza ya cherehani, sauti juu, chaji imejaa wakati wote. Alimkataza kila mtu kupiga soga nayo. "Hospitali wakipiga wasikute inatumika," alisema. Ndugu yake alipopiga kumweleza habari za mgogoro wa shamba, alimkatia katikati ya sentensi. Akilini mwake aliiona kabisa picha yenyewe: chumba, meza, kijana aliyevaa koti jeupe mbele ya skrini, na kwenye skrini jina la mkewe na sukari yake inapanda na kushuka. Huenda kijana huyo alikuwa na kikombe cha kahawa. Fundi alimwombea asisinzie.

*

Walipewa pia mashine ya kupimia damu ya kidole, na vijiti vyake kwenye kichupa. Vijiti vikaisha. Pilipili alikwenda hospitali kuomba vingine, akakaa kwenye benchi hadi mchana, akamwona nesi.

"Vingine viko njiani," alisema nesi. "Wewe usijali, mama. Kifaa si unacho?"

"Kitafanya nini, sukari ikishuka?"

"Kinarekodi kila kitu. Njoo tu siku ya miadi."

Pilipili hakuwa mtu wa kumung'unya maneno, na siku nyingine angempa nesi vidonge vyake. Lakini jirani mmoja, mama muuza mkaa, alikuwa ameondolewa kwenye utafiti kwa kukosa miadi tu, akarudi kununua dawa yake mwenyewe, na sasa alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Pilipili aliyaona maneno yake yakimjia mpaka kwenye meno, akayameza. "Ahsante, sista," alisema, akarudi nyumbani akiwa amejichukia.

Ndipo asubuhi zikaharibika. Aliamka amekunja uso, shuka limelowa, akitukana kabla hajanawa. Alimwagia mama mkwe chai miguuni, kwa bahati ilikuwa imepoa. Alishona foronya ya mto nje ndani, akaishona tena nje ndani, akaichana kwa meno. Kisha akila kitu alitulia, na kwa haya ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, alikwenda kumshika miguu mama mkwe wake.

"Mama, nisamehe. Sijui ni nini kinanipata."

"Ni shetani wa hasira, mkwe wangu. Mimi nakuombea."

Mchana huo bibi alimfuata mwanawe karakanani. "Baba, mkeo amezidi. Zamani alikuwa mkali, lakini alikuwa mkali na akili zake. Sasa ananiangalia kama hanijui."

Fundi alikuwa anavuta kitambaa kwenye fremu, misumari midogo ameibana kwa midomo. Akaitoa mmoja mmoja. "Nami nimeona, Mama. Nilidhani ni sukari."

"Basi mpeleke."

"Nimpeleke kuwaambia nini? Wao wanaona kuliko sisi. Ingekuwa ni sukari wangepiga." Aliitazama simu mezani. Simu ilikuwa imekaa kimya, na kimya chake kilimpa moyo.

Zamani, kabla ya Askari, fundi huyu huyu aliwahi kumtia mkewe sukari mdomoni mara nyingi, bila kumuuliza mtu, kwa kuangalia tu jinsi macho yake yalivyopoteza mwanga. Alikuwa na macho yake na alijua kuyatumia. Utafiti haukumpa macho mengine. Ulimfanya tu ayaachie yale aliyokuwa nayo, na yeye akashukuru.

*

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, pikapu iko nje kubeba makochi ya mwalimu. Pilipili alikuwa bado hajatoka chumbani. Fundi alimkuta ameketi kando ya kitanda, mkono mmoja kwenye gauni na mwingine nje, anatazama ukutani. Alimwita. Hakugeuka. Alimgusa bega, akaanguka upande kama mfuko wa sponji, na mdomo wake ukaanza kucheza bila kutoa neno.

"Mama! Mama, njoo!"

Bibi alifika, akaona, akakimbia jikoni, akarudi na kikombe cha sukari na kijiko. Alikuwa ameshapiga magoti, kijiko kimefika mdomoni, fundi akamshika mkono.

"Ngoja, Mama."

"Ningoje nini? Huyu anakufa!"

"Na kama imepanda? Ukimwongezea tunamwua sisi wenyewe. Vijiti hatuna. Kama ingekuwa imeshuka, si wangeshapiga?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesihi. "Wanaona, Mama. Wanaona sasa hivi. Ngoja tu wapige."

Walingoja. Watu wawili waliompenda mwanamke huyu, kila mmoja kwa namna yake, walipiga magoti sakafuni na kikombe cha sukari katikati yao, wakaingoja simu. Dereva wa pikapu alipiga honi. Pilipili alikoroma, mguu wake ukapiga piga sakafu.

Na simu ikalia. Fundi aliruka, akaligonga bega lake kwenye mlango, akaidaka. "Haloo! Haloo, mmeona?"

"Haloo, baba, habari za asubuhi." Ilikuwa sauti ya nesi, changamfu kabisa. "Napiga kuwakumbusha miadi ya Alhamisi. Njooni mapema, na mama asisugue mkono wenye kifaa akioga."

"Sukari yake iko wapi? Imeshuka au imepanda? Nambie upesi!"

"Sukari? Hiyo hatuwezi kuijua, baba. Kifaa kinasomwa hapa hospitali, mwisho wa utafiti."

"Yule anayeangalia anasemaje?"

"Nani?"

"Anayeangalia! Kwenye skrini!"

"Hakuna anayeangalia, baba. Hata daktari haruhusiwi. Ndivyo utafiti wenyewe ulivyo." Kisha sauti ikabadilika. "Baba, kwani kuna nini hapo?"

Nyuma yake, bibi hakungoja kusikia zaidi. Alikuwa ameshapanua mdomo wa mkwe wake kwa vidole, anampaka sukari kwenye fizi, huku akilitaja jina la Mungu.

Walimlaza kwenye kochi la mwalimu, lile refu, wakalinyanyua kochi na yeye juu yake, fundi na dereva na seremala, wakalipandisha kwenye pikapu. Watu wa mtaa walisimama kando kuangalia. Mmoja aliuliza, "Pilipili leo kampiga nani?" Seremala alimgeukia na uso ambao ulimfanya mtu yule arudi nyuma.

*

Daktari wa wodini alikuwa mwanamke mzito, amechoka, asiyependa kupamba maneno. Aliwaambia kwamba sukari ilishuka mno na ilikaa chini muda mrefu. Ubongo, alisema, unakula sukari. Ukinyimwa, unaanza kujila. Mgonjwa ataamka, lakini ataamka vipi hakuweza kusema.

"Nani alimpa dawa hii?" aliuliza.

"Ni ninyi," alisema fundi. "Jengo lile la pili."

Jengo la pili lilikuwa jipya, lina vioo na ubaridi ndani. Mlinzi alimzuia mlangoni.

"Una miadi?"

"Ya Alhamisi."

"Leo si Alhamisi, mzee."

"Mke wangu yuko wodini kwa sababu ya dawa yenu."

"Pole sana. Kaa pale."

Alikaa pale. Alikuwa bado ana vumbi la sponji kwenye nywele, na viatu vyake havikuwa jozi moja, jambo aliloligundua sasa, chini ya taa zile nyeupe. Dada wa mapokezi alimwomba aondoe kiwiko juu ya meza. Watu walipita na makaratasi. Alipotoka, daktari wa utafiti alimpa mkono kwa mikono miwili, kijana safi, mwenye adabu, na macho yake yalionyesha kwamba ameumia kweli. Laiti angekuwa fidhuli. Fidhuli unajua umshike wapi.

"Nimeambiwa. Nimesikitika mno, mzee wangu."

"Kifaa kile kilikuwa kinajua?"

"Kilikuwa kinarekodi."

"Nauliza kilikuwa kinajua?"

Daktari alishusha pumzi. "Ndiyo. Lakini sisi hatukuwa tunaona. Tungeona, tungebadilisha dawa kwa huyu na tusibadilishe kwa yule, na mwisho tusingejua dawa yenyewe inafanya nini. Duniani kote wanafanya hivi. Na tuliwaeleza siku ya kwanza."

Fundi alikumbuka. Ni kweli, nesi alisema kitu kuhusu kutosomwa mpaka mwisho, sentensi moja iliyopita kati ya sentensi nyingi, wakati yeye anamtazama mkewe na kufikiria usiku na mchana. Alitaka kusema kwamba mtu hafungi taa nyumbani kwa mwenzake halafu akaiacha imezimwa kwa makusudi. Alitaka kuuliza ile nauli ya kumrudishia mtu ilipatikana wapi, kama vijiti havikupatikana. Alitaka kumshika kijana lile shati safi. Lakini maisha yake yote hasira za nyumba yake zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amelala wodini. Mdomo wake, kwa mazoea ya miaka, ukatoa neno pekee ulilolijua.

"Samahani kwa usumbufu, daktari," alisema.

Aliposimama nje kwenye jua na kusikia alichokisema, alipiga ukuta wa jengo lile kwa ngumi mpaka mlinzi akaja.

*

Pilipili aliamka. Aliwatambua wote, alikula alichopewa, alimeza alichoambiwa ameze. Nesi wa wodini alimsifu kwamba hajawahi kupata mgonjwa mtulivu kama huyu. Alipochomwa sindano mahali sipo, mkono ukavimba, alisema si neno. Mgonjwa wa kitanda cha pili alipochukua blanketi lake, alimwachia. Mama mkwe wake alikaa pembeni siku nzima akimtazama, na kila siku alizidi kuyaogopa yale macho mazuri, mapole, yanayotabasamu kwa kila anayepita.

"Mkwe wangu, chai hii si mbaya?" alimjaribu. "Si maji matupu?"

"Nzuri, Mama. Mungu awabariki."

Alhamisi, daktari wa utafiti alikuja na nesi wake. Walikuja kukitoa kifaa. Daktari alikisogezea mashine ndogo, ikalia mara moja, na kwenye skrini ukachoreka mstari. Fundi alisogea. Hakuna aliyemkaribisha, lakini safari hii hakuomba radhi.

"Nionyeshe."

Daktari alimwonyesha. Hakuhitaji kuwa msomi. Kila alfajiri mstari uliporomoka, ukalala chini kabisa kwenye eneo jekundu, ukakaa hapo mpaka mke wake alipokula. Kila asubuhi ya matusi ilikuwepo. Chai ya miguuni ilikuwepo. Mkate mkavu ulikuwepo, mstari umepanda ghafla baada yake. Yote yaliandikwa vizuri, hakikupotea kitu.

"Taarifa hii ni muhimu mno," alisema daktari, taratibu. "Tutawaandikia wenzetu leo hii. Kiwango cha dawa kitapunguzwa. Kuna watu wengi watapona kwa sababu yake, nataka mjue hivyo."

"Kwa sababu ya nini?" aliuliza bibi.

"Kwa sababu ya mama huyu."

Nesi alibandua kifaa, akapaka dawa kwenye alama iliyobaki. Pilipili alikuwa amenyoosha mkono mwenyewe kabla ya kuombwa. "Ahsante, daktari," alisema. "Ahsanteni sana. Poleni na kazi."

Bibi kizee aliinuka. Miaka yote ya ndoa ile alikuwa amemwomba Mungu aupunguze ulimi wa mwanamke huyu, alfajiri na jioni, kwa machozi, na sasa aliushika uso wa mkwe wake kwa mikono yote miwili.

"Mtukane," alisema. "Mkwe wangu, huyu hapa. Mtukane! Mwambie kama ulivyokuwa ukiniambia mimi. Rusha kitu!"

Pilipili alimtazama kwa upole, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Basi bibi akamgeukia daktari, akaanza yeye. Alitukana vibaya, kwa kigugumizi, akiyatafuta matusi na kuyakosea, akichanganya ya wanyama na ya viungo vya mwili, maneno ambayo kwa miaka aliyasikia kutoka kwa mwanamke huyu akaziba masikio. Mate yalimruka. Wagonjwa waliinua vichwa. Fundi alisimama nyuma ya mama yake, mikono imeshuka, na hakumwomba mtu yeyote radhi.

Pilipili ndiye aliyeona aibu. Aliuvuta upindo wa kanga ya mama mkwe wake, polepole, mara mbili.

"Mama," alisema, "jamani, mgeni huyo. Si vizuri."